UZI: Mali za kudumu kwenye mizania, tuzisome vizuri kabla ya kununua hisa (wadau wa Tanga karibuni)

Mhasibu wa Chumbageni

Wakuu, salaam.

Kila ripoti za mwaka zinapotoka, kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Tanga inazunguka picha ya ukurasa mmoja tu: mizania, yaani orodha ya mali, madeni na mtaji wa kampuni. Mstari wa juu upande wa mali umeandikwa "Mali, mitambo na vifaa", mbele yake mabilioni. Mjadala unaishia hapo hapo. Kampuni ina mitambo ya mabilioni, basi iko salama, tununue. Nimefungua uzi huu kwa sababu mstari huo unasomwa vibaya kuliko mistari yote ya mizania, na wanaoumia ni watu wenye hela za kudunduliza: mwalimu, mama wa soko la Mgandini, kijana aliyeuza pikipiki ili aingie Soko la Hisa.

Kwanza tuelewane ni mali gani zinazokaa pale. Ni vitu ambavyo kampuni inavitumia yenyewe kuzalisha, kutoa huduma, kupangisha au kuendeshea ofisi, kwa zaidi ya mwaka mmoja: majengo, mitambo, magari, samani, kompyuta. Kinachoamua ni matumizi. Lori likiwa kwenye yadi ya muuza magari pale Kange ni bidhaa, linakaa kwenye mali za muda mfupi. Lori lile lile likinunuliwa na kiwanda cha chokaa kubebea mawe, ni mali ya kudumu.

Sasa namba yenyewe inatoka wapi? Chukueni mfano wa kubuni. Kampuni ya mkonge inanunua korona mpya, ile mashine ya kusindika majani ya mkonge, kwa shilingi milioni 600. Kuitoa bandarini, kuisafirisha mpaka shambani na kuifunga kwenye zege lake ni milioni 60. Kuwafundisha mafundi na waendeshaji ni milioni 15. Kwenye vitabu mashine inaingia kwa milioni 660. Usafiri na ufungaji vimeingia kwa sababu bila hivyo mashine haifanyi kazi. Mafunzo hayaingii, ni matumizi ya mwaka huo.

Wakikadiria itafanya kazi miaka 15 na mwishoni chuma chakavu kitauzwa milioni 60, basi milioni 600 zinagawanywa kwa miaka 15. Kila mwaka milioni 40 zinakatwa kwenye faida kwa jina la uchakavu. Baada ya miaka 6 zimekatwa milioni 240, na mizania inaonyesha milioni 420.

Hiyo milioni 420 ndiyo watu wanayoiita bei. Hakuna mtu aliyekwenda kuuliza sokoni. Ni hela iliyokwisha kutoka mfukoni miaka 6 iliyopita, ambayo bado haijapitishwa kwenye hesabu ya faida na hasara. Ukiipiga mnada leo unaweza kupata milioni 150 au milioni 700, kutegemea nani anaitaka na vipuri vipo au havipo. Tena ile miaka 15 na ile milioni 60 ya mwisho ni makadirio ya wakurugenzi. Wakibadilisha miaka ikawa 20, faida inapanda bila korona kusindika hata jani moja la ziada.

Kwa hiyo ukurasa wa mizania ni mlango tu. Chumba chenyewe kiko nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, mahali penye jedwali refu lenye safu za ardhi, majengo, mitambo, magari na ujenzi unaoendelea. Jedwali hilo ndilo nataka tulichambue. Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyoweza.

Mwana wa Ngamiani

Naweka kambi hapa. Mkuu, hilo jedwali nimelifungua mara nyingi nikalifunga. Namba zimejaa, maandishi kama sisimizi. Mtu aanzie wapi?

Mhasibu wa Chumbageni

Mwana wa Ngamiani, jedwali lina ghorofa mbili. Ya juu ni gharama: walianza mwaka na nini, wakanunua nini, wakauza au kutupa nini, wakamaliza na nini. Ya chini ni uchakavu uliolimbikizwa, kwa mtiririko ule ule. Ukitoa ya chini kwenye ya juu unapata namba ile ya kwenye mizania.

Tuseme kampuni ya kubuni imeandika hivi, kwa mamilioni ya shilingi. Gharama mwanzo wa mwaka 4,000. Manunuzi 150. Zilizouzwa 50. Mwisho wa mwaka 4,100. Uchakavu uliolimbikizwa mwanzoni 2,700. Wa mwaka huu 340. Wa vitu vilivyouzwa 40, unatolewa. Mwisho wa mwaka 3,000. Mizania inaonyesha 1,100.

Anayetazama mizania tu anaona bilioni moja na ushee, anaridhika. Ukipiga hesabu za jedwali unaona mambo mengine kabisa.

Gawa 3,000 kwa 4,100. Unapata asilimia 73. Karibu robo tatu ya hela iliyowekwa kwenye mitambo imeshaliwa kwa mujibu wa makadirio yao wenyewe. Gawa 1,100 kwa 340: ni miaka mitatu na kidogo iliyobaki kwa kasi hii. Halafu linganisha manunuzi na uchakavu. Wanachakaza 340, wananunua 150. Mwaka mmoja wa namna hiyo si neno, huenda mwaka uliotangulia walinunua mtambo mkubwa. Lakini ukikuta miaka mitano mfululizo manunuzi yako chini ya uchakavu, kampuni inakula mwili wake. Gawio linaweza kuwa zuri kipindi hicho, na ndilo linalowavuta watu, kwa sababu hela ya kubadilisha mitambo inagawiwa.

Kuna jambo lingine limejificha. Vitu vilivyouzwa vilikuwa na gharama ya 50 na uchakavu wa 40, maana yake kitabuni vimebaki na thamani ya 10. Tuseme kilikuwa kiwanja na ghala la zamani, vikauzwa kwa 210. Faida ya mauzo hayo ni 200. Kama faida yote ya kampuni mwaka huo ni 260 kabla ya kodi, basi biashara yenyewe imeleta 60 tu. Mwaka kesho hawana ghala lingine la kuuza.

Hili la kuuza kiwanja nimeshaliona likipandisha bei ya hisa. Watu walishangilia faida, hakuna aliyefungua ukurasa wa mapato mengine.

Mzee wa Raskazone

Kijana wangu, nakushukuru kwa somo. Sisi tulifundishwa ardhi haichakai. Mbona ripoti nyingine naona ardhi nayo inapunguzwa kila mwaka? Na la pili: kampuni zilizopata viwanja zamani huku ufukweni, mbona vinaandikwa kwa vijisenti?

Mhasibu wa Chumbageni

Shikamoo mzee. Ulivyofundishwa ni sahihi. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 16, inasema ardhi kwa kawaida haina ukomo wa matumizi, kwa hiyo haichakazwi. Ndiyo maana ukinunua jengo na kiwanja kwa bei moja unalazimika kuzitenganisha, jengo lichakazwe na ardhi ibaki.

Kwetu kuna tofauti. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kampuni inapewa haki ya kuitumia kwa muda, na hati nyingi ni za miaka 33, 66 au 99. Kampuni nyingine inasema: haki yangu ina mwisho, basi niigawe gharama kwa miaka ya hati. Tangu 2019, ilipoanza IFRS 16 ya mikataba ya kupanga, ardhi ya namna hiyo utaikuta mara nyingi kwenye mstari wake wa "haki ya matumizi". Ukiona ardhi inapungua usishtuke, soma sera ya uhasibu mwanzoni mwa maelezo, na soma miaka iliyobaki kwenye hati.

Kuhusu vijisenti, kampuni ina njia mbili za kuchagua. Njia ya gharama: unaandika ulichotoa, unachakaza, basi. Kiwanja cha miaka ya zamani kitabaki na bei ya zamani hata kama jirani yake ameuza kwa mamia ya mamilioni. Njia ya pili ni kutathmini upya. Anakuja mthamini, anatoa thamani ya soko, vitabu vinapandishwa.

Hapo pa kutathmini naomba wote msimame kidogo. Jengo lenye thamani ya kitabuni ya milioni 200 likitathminiwa milioni 900, ile 700 haipiti kwenye faida ya mwaka. Inakwenda kwenye akiba ya tathmini ndani ya mtaji, baada ya kuondoa kodi iliyoahirishwa, yaani kodi itakayolipwa huko mbele. Mizania inanenepa, deni linaonekana dogo ukililinganisha na mtaji, lakini kwenye akaunti ya benki haijaingia hata shilingi, na gawio halitoki kwenye akiba hiyo. Isitoshe, uchakavu wa miaka inayofuata unapanda, kwa sababu sasa wanachakaza namba kubwa. Na kanuni hairuhusu kuchagua jengo lililopanda na kuliacha lililoshuka: ukitathmini kundi moja la mali, unatathmini kundi zima, na unarudia kila thamani inapobadilika sana.

Mimi nikiona tathmini mpya imefanyika mwaka ule ule kampuni inaomba mkopo mkubwa, nasoma ripoti nzima kwa uangalifu zaidi. Si kosa kutathmini wakati huo, benki huwa zinadai. Ila mnunuzi wa hisa ajue kwa nini mtaji umevimba.

Korona Muheza

Mkuu umetaja korona nikaamka. Mimi ni mtu wa mkonge. Mashine nimeelewa, je shamba lenyewe? Mkonge ni mmea, unaota, unakatwa, unafika mahali unatoa mlingoti na kufa. Hiyo ni mali ya kudumu au ni mazao?

Mhasibu wa Chumbageni

Korona, swali lako ndilo zuri kuliko yote yaliyoulizwa, na Tanga tungepaswa kuwa tunalijibu usingizini. Toka ile miche 62 ya mkonge ya Hindorf, yule mtaalamu wa kilimo Mjerumani, iliyofika hai mwaka 1893, mkoa huu umeishi na mmea huu, ila kanuni za uhasibu zimeuelewa vizuri tangu 2016 tu.

Zamani mmea wote, shina na majani, ulikuwa chini ya kanuni ya kilimo, IAS 41. Kila mwaka unakadiria thamani ya soko ya shamba zima, na ikipanda au kushuka inapita kwenye faida. Kampuni za chai, mpira, michikichi na mkonge zililalamika, na zilikuwa na haki: nani ananunua shina la mkonge likiwa limesimama shambani? Shina linafanya kazi kama mtambo, linatoa majani miaka na miaka. Mabadiliko yaliyotolewa 2014 na kuanza rasmi Januari 1, 2016 yakahamisha mimea ya aina hiyo kwenda IAS 16, pamoja na majengo na mitambo.

Kwa hiyo leo shamba la mkonge linagawanyika mara tatu kwenye mizania. Ardhi, au haki ya kuitumia, peke yake. Mashina peke yake: gharama za kung'oa visiki, kulima, miche, kupanda na kupalilia zinakusanywa mpaka mkonge ufikie kukatwa mara ya kwanza, halafu zinaanza kuchakazwa kwa miaka ya mavuno inayotarajiwa. Na majani yaliyo juu ya shina, ambayo bado hayajakatwa, yanabaki kwenye IAS 41 na kupimwa kwa thamani ya soko ukiondoa gharama za kuuza. Yakishakatwa yanakwenda kwenye mali ghafi, na singa zikishapigwa brashi na kufungwa robota ni bidhaa.

Sasa mtu wa mkonge kama wewe una jicho ambalo mkaguzi wa Dar es Salaam hana. Ukipita kwenye mashamba ukakuta kitalu kimejaa milingoti, unajua kile kimekwisha. Fungua jedwali uone kama kitabuni bado wanadai kina thamani kubwa na miaka mingi mbele. Au wanaendelea kukusanya gharama kwenye "mkonge usiokomaa" kwa kitalu ambacho kila mtu Muheza anajua kimemezwa na magugu. Gharama za shamba lililokufa zikibaki kwenye mali, ni hasara ambayo bado haijatangazwa. Kanuni ya kushuka kwa thamani, IAS 36, inawataka waipunguze mara dalili zinapoonekana, bila kusubiri mwisho wa makadirio.

Korona Muheza

Nimekuelewa vizuri sana. Na ile aina chotara ya mkonge, namba 11648, ya kituo cha utafiti cha Mlingano haiendi sawa na mkonge wa zamani kwa idadi ya majani wala muda. Maana yake kampuni inayoweka miaka ile ile kwa mashamba yote imekosea hesabu?

Mhasibu wa Chumbageni

Imekadiria bila kufika shambani. Miaka inatakiwa ifuate mmea wenyewe, udongo na matunzo, na ipitiwe upya angalau kila mwisho wa mwaka wa fedha.

Fuso la Kange

Wakuu, mimi nina kampuni ndogo ya usafirishaji, magari matatu. Mhasibu wangu ananiambia kitabuni Fuso lina thamani hii, halafu kwenye ritani ya TRA anaandika nyingine. Nikimuuliza ananiambia ndivyo ilivyo. Hapo si kuna vitabu viwili?

Mhasibu wa Chumbageni

Mkuu, hapana, mhasibu wako yuko sahihi, ila angekueleza.

Kwenye hesabu za kampuni unachakaza kulingana na gari litakavyokufanyia kazi. TRA haikubali kila mtu ajipangie miaka. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 imeweka makundi na viwango. Magari mazito na mitambo ya viwandani ni asilimia 25 ya salio kila mwaka. Kompyuta, magari madogo na malori ya kubeba chini ya tani 7 ni asilimia 37.5. Samani za ofisi asilimia 12.5. Majengo ya kawaida ya biashara asilimia 5 ya gharama.

Chukua Fuso la kubeba zaidi ya tani 7, la milioni 80. Wewe umekadiria miaka 8, mwishoni uliuze milioni 16. Uchakavu wako ni milioni 8 kwa mwaka, baada ya miaka mitatu kitabuni ni milioni 56. Kwa TRA inakwenda 60, kisha 45, kisha 33.75. Tofauti ni milioni 22.25. Kiasi hicho umeshakikata mapema kwenye faida inayotozwa kodi, na huko mbele utakata kidogo. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, unaandika milioni 6.675 kama kodi iliyoahirishwa upande wa madeni. Kwenye mizania za kampuni kubwa zenye mitambo mingi ndiyo ule mstari watu wanaopita bila kuusoma.

Angalia tu Canter lako kama lipo: likiwa la tani 3 au 4 kundi lake ni lile la 37.5, usikubali liwekwe na Fuso.

Wakala wa Forodha

Habari za jioni. Kuna kampuni zina safu inaitwa "ujenzi unaoendelea", miaka nenda rudi iko pale pale na inakua. Hii inahesabiwaje? Na kwa sisi wa Tanga, bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linaloishia Chongoleani, shirika letu la petroli, TPDC, wana hisa asilimia 15. Wanaandika asilimia 15 ya mabomba kama mali yao?

Mhasibu wa Chumbageni

Nianze na la TPDC, ni fupi. Mabomba na matangi ni mali ya kampuni ya EACOP, inayomilikiwa kwa asilimia hizi: TotalEnergies ya Ufaransa 62, Uganda kupitia shirika lake la mafuta UNOC 15, TPDC 15 na CNOOC ya China 8. Ukiwa na hisa kwenye kampuni, unachomiliki ni hisa. Kwenye vitabu vyako zinakaa kama uwekezaji, huchukui asilimia 15 ya kila kipande cha bomba ukaweka kwenye mitambo.

Safu ya ujenzi unaoendelea ndipo penye mambo. Mali haianzi kuchakazwa mpaka iwe tayari kwa kazi iliyokusudiwa, mahali pake. Mpaka hapo gharama zinakusanywa, na riba ya mkopo wa ujenzi nayo inaingia humo humo badala ya kukatwa kwenye faida. Kampuni inaweza kuwa inalipa riba ya mabilioni na wewe usiione kwenye hesabu ya faida na hasara, iko ndani ya mali. Siku mtambo ukiwashwa, mambo mawili yanashuka kwa mpigo: uchakavu unaanza, riba inaanza kukatwa. Faida inaweza kuporomoka mwaka ambao kampuni inazindua kiwanda kipya kwa ngoma na vifijo, na wanahisa wanabaki wanashangaa.

Ukikuta safu hiyo haisogei kwenda kwenye majengo au mitambo kwa miaka kadhaa, uliza kwenye mkutano mkuu wa wanahisa. Ni mradi gani huo? Umekwama? Kama umetelekezwa, mbona haujashushwa thamani? Mwanahisa mwenye hisa mia moja ana haki ya kuuliza.

Mwana wa Ngamiani

Mkuu, tuje Pongwe. Mimi nilikuwa namfuatilia Tanga Cement toka alipoingia Soko la Hisa 2002. Kiwanda cha saruji kina mambo gani ya peke yake kwenye mali hizi?

Mhasibu wa Chumbageni

Nisizungumzie namba zao hapa, ripoti zipo wazi na kila mtu anaweza kuzifungua. Nieleze aina ya kiwanda.

Saruji ni biashara ya mali za kudumu kuliko karibu zote unazozijua. Tanuri moja linagharimu fedha nyingi mno, na likishajengwa halihamishiki. Ndani yake kuna matofali yanayostahimili moto ambayo yanaungua na kubadilishwa mara kwa mara, wakati ganda la chuma linakaa miongo. Kanuni inataka sehemu kubwa zenye umri tofauti zichakazwe kila moja kwa umri wake. Kampuni ikilichakaza tanuri zima kama kitu kimoja cha miaka 30, faida yake imependezeshwa. Soma sera: wametenganisha sehemu, au wametumia umri mmoja?

La pili ni machimbo ya mawe ya chokaa. Kama kuna wajibu wa kurudisha ardhi katika hali nzuri baada ya kuchimba, makadirio ya gharama hiyo yanaingia kwenye mali leo, na deni lake linaandikwa upande wa pili. Ndiyo sababu mali inaweza kuongezeka bila manunuzi yoyote.

La tatu, vipuri. Vipuri vidogo ni bidhaa za stoo. Vipuri vikubwa vinavyosubiri kufungwa na kutumika zaidi ya mwaka ni mali ya kudumu.

Mzee wa Raskazone

Lakini kijana wangu, mkaguzi wa nje ameshaweka saini. Na hapa nchini tunafuata hizo kanuni za kimataifa tangu 2004, NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, wanasimamia. Sisi tuhangaike na nini tena?

Mhasibu wa Chumbageni

Mzee, saini ya mkaguzi nina imani nayo, ni kazi yangu. Lakini mkaguzi anasema hesabu zinaonyesha hali halisi katika mambo yote ya msingi. Hasemi kampuni ni nzuri kununua, na hasemi makadirio ya miaka 15 yatatimia.

Na yaliwahi kutokea makubwa hapa hapa kwenye mstari tunaoujadili. Marekani, Juni 2002, kampuni ya simu ya WorldCom ilikutwa imechukua gharama za kawaida za kila siku, ada ilizokuwa inalipa kampuni nyingine ili kutumia laini zao, ikaziandika kama mali za kudumu. Tangazo la kwanza lilitaja zaidi ya dola bilioni 3.8. Matumizi yaligeuzwa mali, hasara ikaonekana faida. Mkaguzi wa nje, Arthur Andersen, alikuwa amesaini. Aliyeufukua udanganyifu huo ni mkaguzi wa ndani, Cynthia Cooper, na watu wake. Mkurugenzi mkuu, Bernard Ebbers, alihukumiwa miaka 25 jela mwaka 2005.

Alama yake ilikuwa mahali ambapo mwanahisa wa kawaida anaweza kuchungulia: manunuzi ya mali yanakua, lakini hakuna mtu anayeweza kukuonyesha kitu kilichonunuliwa. Ndiyo maana nawasisitizia kufungua pia taarifa ya mtiririko wa fedha. Faida inapanda, fedha kutoka kwenye biashara inapanda, na fedha inayotoka kwenda kununua mali inapanda kwa kiasi kile kile. Uliza mali hiyo iko wapi.

Dada wa Sahare

Nimesoma uzi wote, asante kaka. Mimi sina hisa. Nina hatifungani ya kijani (mkopo wa miradi ya mazingira) ya Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ile ya 2024 ya bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5. Nilijiambia hawa wana mabomba mji mzima, bwawa la Mabayani, mitambo ya kusafisha maji, mali zote hizo, hela yangu haipotei. Nimefikiri sawa?

Mhasibu wa Chumbageni

Dada, umenunua kitu chenye manufaa kwa mji huu, na mimi nafurahi kuona watu wa Sahare wanamkopesha anayewaletea maji. Lakini sababu uliyoitaja si ile itakayokulipa.

Bomba lililozikwa chini ya Barabara ya 12 hapo Ngamiani, hata liandikwe bilioni ngapi, nani atalifukua aliuze? Mali za huduma ya umma ni kubwa kitabuni na karibu haziuziki. Kwa kila milioni uliyoweka, unatarajia 135,000 kwa mwaka. Hiyo inatoka kwenye bili za maji zinazolipwa, mwezi kwa mwezi. Bomba lina thamani kwako kwa kiasi linachofikisha maji kwenye mita ya mteja anayelipa. Maji yakivuja njiani, mali iko palepale kitabuni na mapato hayapo.

Kwa hiyo ukipata hesabu zao fanya hivi: gawa mapato ya mwaka kwa thamani ya mali za kudumu, halafu linganisha na mwaka uliotangulia. Hela ya hatifungani itakuwa imeingia kwenye ujenzi, mali zitapanda kwanza. Mwaka mmoja au miwili uwiano utashuka, hiyo ni kawaida. Baada ya hapo mapato yanatakiwa yafuate. Tafuta pia kiasi cha maji kinachopotea, wateja wapya waliounganishwa, na kiasi cha bili ambacho hakijakusanywa. Na usome tena waraka wa matarajio uliopewa wakati wa kununua, sehemu inayoeleza malipo ya wenye hatifungani yamelindwa namna gani na fedha ya riba inatengwa wapi.

Dada wa Sahare

Waraka ninao, nimeuchapa. Mapato ya miaka miwili nimeyapata, ila kwenye mali kuna mistari miwili: "mitandao ya maji" na "ujenzi unaoendelea". Nijumlishe yote?

Mhasibu wa Chumbageni

Piga mara mbili. Mara ya kwanza jumlisha yote, mara ya pili uache ujenzi unaoendelea, kwa sababu bado hauleti maji. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo itakuonyesha ni kiasi gani cha hela yenu bado kinasubiri kufanya kazi. Weka namba hapa, na ukurasa ulikozitoa, tuzipitie wote.